Kuitazama pwani kutoka kwenye ndege ndogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu safari za kuangalia mandhari kwa ndege ndogo kwenye pwani ya Kenya na Tanzania, kuanzia visiwa vya Lamu hadi Kilwa. Wanaouliza ni wa aina mbili: wanaotaka kupanda, na wakazi wanaoziona zikipita juu ya mapaa yao. Hao wa pili wakitaka waruke moja kwa moja hadi maswali ya mwisho.

Ndege ndogo ni ndogo kiasi gani?

Mara nyingi ni Cessna. Cessna 172 ina viti vinne ukihesabu na cha rubani, 206 ina sita, na Caravan, ambayo wengi mmeipanda kwenda Unguja, Pemba au Mafia bila kujua jina lake, hubeba abiria kumi na wawili hivi. Zote tatu zina injini moja, na bawa lake liko juu ya dirisha. Hilo la bawa ndilo la kuuliza kabla hujalipa. Ndege ambayo bawa lake liko chini, kama Piper Cherokee, ni nzuri kwa safari, lakini ukiipanda kwa ajili ya kuangalia matumbawe utarudi nyumbani na picha za bawa.

Sheria inamruhusu rubani kushuka hadi wapi?

Kanuni ya msingi ni ya kimataifa. Imo kwenye Kiambatisho cha 2 cha Mkataba wa Chicago wa 1944 kuhusu usafiri wa anga, na nchi zetu zimeiingiza kwenye kanuni zao, ambazo zinasimamiwa na mamlaka za usafiri wa anga, kwa Kenya KCAA na kwa Tanzania TCAA. Kwa rubani anayeruka kwa kutegemea macho yake inasema hivi: juu ya mji, makazi yaliyosongamana au mkusanyiko wa watu mahali pa wazi, asiwe chini ya futi 1,000 (mita 300) juu ya kitu kirefu kuliko vyote kilichopo ndani ya mita 600 kutoka alipo. Kwingineko kote, asiwe chini ya futi 500 (mita 150) juu ya ardhi au maji.

Hayo maneno "au maji" ndiyo yanayosahauliwa. Watu hudhani akishatoka ufukweni rubani yuko huru kufanya apendavyo. Bahari nayo ina kimo chake.

Angalia pia hesabu inaanzia wapi. Juu ya katikati ya Dar es Salaam futi 1,000 hupimwa kutoka kilele cha ghorofa refu lililo karibu, si kutoka lami ya Samora. Na kipimo hubadilika kulingana na watu waliopo. Uwanja mtupu ulio mbali na nyumba ni wa futi 500, lakini uwanja wa Makunduchi siku ya Mwaka Kogwa, watu wakiwa wamejaa kutazama wanaume wakipigana kwa migomba, ni wa futi 1,000 hata kama kesho yake utakuwa na mbuzi tu.

Ziko hali mbili za kushuka chini ya hapo: ndege inapopaa au kutua, na pale mamlaka inapotoa kibali maalumu kwa kazi maalumu, kwa mfano kuhesabu wanyama, kunyunyizia dawa au kupiga picha za filamu. "Wageni wangu wangependa kuona kasa" si mojawapo ya kazi hizo.

Karibu na viwanja vikubwa, yaani Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar, sheria ya vimo peke yake haitoshi. Pale rubani anakwenda kwa maelekezo ya waongoza ndege, na wakimwambia abaki futi 1,500 upande wa bahari, ndipo atakapobaki, hata kama mandhari uliyoifuata iko upande wa pili.

Mbona kwenye mtandao naona ndege zinapita karibu ziguse mawimbi?

Video nyingi za namna hiyo zinatoka Marekani au Uingereza, ambako kanuni hupimwa kwa njia nyingine. Marekani, juu ya maji ya wazi au sehemu isiyo na watu wengi, rubani anatakiwa asikaribie mtu, chombo, gari au jengo kwa umbali wa chini ya futi 500. Kinachopimwa hapo ni umbali kutoka kwa kitu, si kimo juu ya maji. Bahari ikiwa tupu, anaweza kushuka sana bila kuvunja sheria.

Hata kipimo hicho kikiletwa hapa hakingesaidia kitu. Bahari yetu ya karibu na pwani haiwi tupu. Kuna ngalawa, mitumbwi, mashua za watalii, kina mama kwenye mashamba ya mwani, na maji yakikupwa kuna watu wanatembea juu ya mwamba kilomita nzima kutoka ufukweni wakitafuta pweza. Kutoka juu, mtu aliyeinama juu ya mwamba mweusi haonekani mpaka uwe umeshampita.

Kwa nini futi 500, na si 200 au 300?

Fikiria injini imezimika. Ndege haidondoki kama jiwe, bali huendelea kuelea ikishuka taratibu. Cessna 172 katika hewa tulivu huelea karibu kilomita 2.7 kwa kila futi 1,000 za kimo, ikiwa katika mwendo wa kama kilomita 120 kwa saa. Kwa hiyo kutoka futi 1,500 rubani ana kilomita nne na dakika mbili za kufikiri. Kutoka futi 500 ana kilomita moja na kidogo, na sekunde zipatazo arobaini. Katika sekunde hizo anatakiwa ashushe pua, achague pa kutua, ajaribu kuiwasha injini, awaambie abiria wajiweke tayari, na aite kwenye redio. Kutoka futi 200 hachagui kitu. Anatua pale pale palipo mbele yake.

Na mbele yake kuna nini? Kwenye pwani hii jibu linategemea maji. Maji yakikupwa, sehemu nyingi zina mchanga mgumu, mpana, unaoweza kupokea ndege. Bamvua (siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida) likijaa, mchanga huohuo umekwisha na mawimbi yanapiga kwenye mizizi ya minazi. Kutua majini kwa ndege ya magurudumu yasiyokunjwa ni jambo jingine tena, maana magurudumu yanashika maji kwanza na ndege inaweza kupinduka. Rubani mzuri wa pwani anajua maji yako wapi siku hiyo kama anavyojua mvuvi.

Kuna sababu nyingine ambazo abiria hazioni. Minara ya simu. Kunguru na mwewe. Miavuli ya wanaoteleza kwa upepo Paje na Diani, yenye kamba ndefu zisizoonekana kabisa kutoka angani. Na bahari yenyewe ikiwa shwari kama kioo humdanganya mtu. Hakuna wimbi wala povu la kumwonyesha jicho maji yako umbali gani, na ukungu ukiungana na maji mstari wa upeo unapotea.

Nikimwomba rubani ashuke kidogo tu, nipige picha moja?

Kuomba unaweza. Kukubali hatakiwi, na ukimwongezea bakshishi unampa mtihani mbaya mtu ambaye maisha yako yako mikononi mwake.

Hatari kubwa zaidi ya kushuka ni ile kona ya kurudi. Abiria anasema "rudi tuone tena", rubani analaza ndege ili wageni waone chini vizuri, macho yake yote yako kwenye kile kinachotazamwa. Ndege ikilala nyuzi 60, kasi ya chini kabisa ambayo bawa linaweza kuibeba inapanda kwa takribani asilimia 40. Ongeza kusi linalovuma kutoka nyuma: ukiwa chini karibu na maji, mawimbi yanaonekana kukimbia mno, na rubani anashawishika kupunguza mwendo ambao kwa kweli alikuwa anauhitaji. Bawa likishindwa kubeba kwa futi 1,500 kuna nafasi ya kurekebisha. Kwa futi 300 hakuna.

Na kwa maoni yangu, picha za kutoka chini sana hazipendezi. Kwa mwendo wa kilomita 180 kwa saa, ukiwa futi 500 kila kitu kinakupita kabla hujakielewa. Umbo la mwamba, mikondo ya maji kati ya fungu na fungu, rangi zinavyobadilika kutoka maziwa hadi zumaridi hadi buluu nzito, hayo huonekana kutoka futi 1,000 hadi 2,000.

Ni msimu gani na saa ngapi ni bora?

Masika, hasa Aprili na Mei, achana nayo. Kusi likishika, Juni hadi Agosti, hewa ni ya ubaridi lakini bahari imechafuka na mawingu ni mengi. Miezi mizuri ni Septemba na Oktoba kusi linapolegea, na tena Januari na Februari wakati wa kaskazi, ingawa kaskazi huja na joto na wakati mwingine ukungu wa vumbi.

Kuhusu saa, kuna mvutano. Alfajiri hewa imetulia, ndege haitikisiki, lakini jua liko chini na maji yanang'aa tu kama bati. Saa sita mchana jua linapenya hadi kwenye mwamba na rangi zote zinatoka, lakini nchi kavu imeshapata moto, mawingu yamejaa na ndege inaruka kama daladala kwenye barabara ya mashimo. Mimi huwaambia watu saa tatu hadi saa tano asubuhi.

Kisha fungua jedwali la maji. Kwenye pwani hii tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua inafika kama mita nne, na bamvua huja mwezi ukiwa mpevu au ukiandama. Ukitaka kuona mafungu ya mchanga na mashamba ya mwani ya Paje na Jambiani, yale mapande ya mraba yaliyopangwa kwa vigingi na kamba, tafuta siku ya bamvua ambayo maji yanakupwa asubuhi hiyohiyo. Karibu hakuna wakala atakayekufikiria hilo. Wanapanga kwa nafasi ya ndege, si kwa mwezi.

Ndege za kuangalia mandhari ni za mchana. Usikubali ratiba ya "machweo" ambayo haionyeshi kwamba mtakuwa mmeshatua jua linapozama.

Tuone nini, kama pesa inatosha safari moja tu?

Unguja wengi huchagua Mnemba, na hawakosei, kwani kisiwa ni kidogo na mwamba unaokizunguka ndio mkubwa, jambo ambalo ukiwa kwenye mashua hulielewi. Malindi pana kioja cha rangi, mto Sabaki ukimwaga matope mekundu baharini, na mstari kati ya maji ya mto na ya bahari unaonekana wazi. Ukipita Ngomeni, kaskazini kidogo, angalia majukwaa ya chuma yaliyosimama majini. Hapo ndipo Waitalia walirusha roketi, na setilaiti iliyoitwa Uhuru ilipaa kutoka hapo tarehe 12 Desemba 1970. Lamu pana machuguu ya mchanga ya Shela na mji wenyewe, uliomo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001. Kaskazini zaidi, kuelekea mpaka wa Somalia, mipango hutegemea hali ya usalama, basi uliza kwanza.

Lakini mimi ningekwenda kusini. Kilwa Kisiwani, mahali pa Urithi wa Dunia tangu 1981, ni magofu ambayo ukitembea ndani yake unaona kuta, na ukiwa juu unaona ramani. Husuni Kubwa, jumba la sultani, iko ukingoni juu ya bahari, na lile birika la pembe nane unaliona lilivyokaa kati ya nyua. Njiani unapita delta ya Rufiji, mikoko na vijito vya rangi ya chai visivyo na hesabu.

Delta hiyo ina habari yake katika historia ya urubani. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha humo, na meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata kwenye maji madogo. Wakaleta ndege kuitafuta. Ndege za wakati ule ziliteswa na joto na unyevu wa pwani, maana hewa ya moto ni nyepesi na bawa hupata kidogo cha kushika. Julai 1915 marubani walioruka kutoka Mafia walikuwa wakiwaelekeza wapiga mizinga wa Severn na Mersey, meli za Waingereza za kuingia maji madogo, mahali makombora yanapoanguka, na tarehe 11 mwezi huo Wajerumani wakaizamisha wenyewe meli yao iliyokwisha kuharibiwa. Tazama delta ilivyo leo utaelewa kwa nini bila ndege isingeonekana.

Sina uwezo wa kukodi ndege nzima. Nifanyeje?

Panda ndege ya kawaida ya ratiba. Dar kwenda Zanzibar ni kama dakika 20, na Caravan hairuki juu sana. Siri iko kwenye kiti. Kusi likivuma, ndege mara nyingi inatua Zanzibar ikitokea kaskazini, basi kaa kulia uuone Mji Mkongwe. Wakati wa kaskazi inatua ikitokea kusini, basi kaa kushoto utaona kisiwa cha Chumbe na mnara wake wa taa wa 1904. Kutoka Dar kwenda Mafia kaa kulia, upande wa bara na delta. Kuanzia Oktoba hadi Februari hivi, mkikaribia Kilindoni angalia maji ya karibu na ufuko: yale madoa meusi marefu yanayokwenda polepole yanaweza kuwa papa potwe.

Kwa nini wananipima uzito mbele ya watu?

Kwa sababu ndege ya viti vinne haibebi watu wanne wanene na matangi yaliyojaa kwa wakati mmoja, na siku ya joto hubeba kwa shida zaidi. Rubani anahesabu kilo na pia nani akae wapi. Sema uzito wako wa kweli, na viatu. Kwenye ndege za ratiba kikomo cha mzigo ni kilo 15 mara nyingi, kwenye begi laini.

Jaketi la kuokolea maisha ni lazima?

Ndege ya injini moja ikitoka umbali ambao isingeweza kuelea hadi nchi kavu, panatakiwa jaketi kwa kila mtu. Kwa Mnemba au Mafia, ulizia kabla ya kupanda, na uonyeshwe kamba ya kulijaza iko wapi. Jambo moja la kushika: usilijaze ukiwa ndani. Maji yakiingia, jaketi lililojaa linakubana kwenye dari na hutoki. Toka kwanza, kisha vuta.

Nilizamia jana. Naweza kuruka leo?

Ushauri wa DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja isiyohitaji vituo vya kupunguza shinikizo, na saa 18 baada ya mbizi kadhaa. Ushauri huo ni kwa kuruka kati ya futi 2,000 na 8,000. Usijifariji kwamba nyinyi mtakuwa futi 1,500, kwa sababu wingu au agizo la waongoza ndege linaweza kumpandisha rubani wakati wowote.

Nitatapika?

Huenda. Kula kitu chepesi, kaa mbele kama uzito unaruhusu, tazama mbali badala ya kwenye skrini ya simu. Mwambie rubani mapema, ataacha kona.

Na picha zangu zitoke vizuri?

Vaa nguo nyeusi, kwani shati jeupe linajirudia kwenye kioo na kuharibu kila picha. Usiegemeze lenzi kwenye dirisha, litatetemeka nalo. Kichujio cha kuondoa mng'ao, ambacho ufukweni kinasaidia sana, kupitia madirisha ya plastiki huleta mistari ya upinde wa mvua. Kama dirisha linafunguka, simu iwe na kamba mkononi.

Jamaa yangu ana leseni ya urubani. Nimchangie mafuta anirushe?

Mwenye leseni ya urubani binafsi haruhusiwi kurusha watu kwa malipo. Biashara ya abiria inahitaji rubani mwenye leseni ya biashara na kampuni yenye cheti cha uendeshaji kutoka mamlaka. Kabla ya kuchangia chochote, mwulize jamaa yako mamlaka inasemaje kuhusu kugawana gharama, na mwulize mwenye bima pia. Ikiwa safari ilitangazwa kwenye WhatsApp kwa bei ya kichwa, hiyo si kuchangia.

Ndege inapita chini sana kijijini kwetu. Ni halali?

Kwanza angalia kama mko kwenye njia ya kutua. Watu wa Ukunda na Kilindoni wanapitiwa chini kila siku, na ni halali, kwa sababu ndege iko njiani kwenda uwanjani. Dalili ni kwamba zinapita mstari uleule.

Ile inayokuja na kuzunguka, ikashuka tena juu ya wavuvi au juu ya watoto wanaoogelea, ni habari nyingine. Piga picha au video yenye kitu cha kulinganisha, kama mnazi au nyumba. Andika saa, mahali na mwelekeo. Soma herufi zilizoandikwa ubavuni: za Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Y. Usikisie kimo kwa futi, kwani karibu kila mtu hukosea, na ndege kubwa huonekana iko chini kuliko ilivyo. Peleka taarifa kwa TCAA au KCAA, na nakala kwa uongozi wa kijiji au BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuko), maana malalamiko ya wavuvi wengi waliosaini pamoja hayawekwi kando kirahisi.

Na droni, nazo zina kimo?

Zina, na zenyewe zinapewa dari badala ya sakafu: nchi nyingi zimeweka futi 400, chini kidogo ya pale ndege zinapoanzia. Ndiyo maana rubani anayeshuka hadi futi 300 juu ya Nungwi anaingia kwenye hewa ya droni za watalii, ambazo hazimwoni naye hazioni. Tanzania na Kenya zote zinadai kibali kabla ya kurusha, na mgeni anayetua nayo bila kibali anaweza kunyang'anywa uwanjani.